Alama za Binti Yangu

Nimesahihisha mitihani ya watoto wa watu kwa miaka kumi na tisa, na karatasi haijawahi kunitisha. Iliyonitisha ililetwa nyumbani kwangu Jumamosi moja saa nne asubuhi, imebanwa kwenye ubao wa plastiki. Mtahiniwa alikuwa binti yangu, ambaye hasemi, hakai mwenyewe, hajawahi kushika kalamu, na macho yake yanaona mwanga na vivuli tu.

Ana miaka kumi na minne. Alipokuwa na miezi saba walituambia ana mtindio wa ubongo, na baada ya hapo mengine yakawa yanajiongeza taratibu: degedege, mgongo kupinda, shida ya kumeza, kifua kujaa. Siandiki haya ili nionewe huruma. Huruma nimeshapewa ya kutosha, nyingine kwenye foleni ya duka la dawa, na watu ambao wakishamaliza kunihurumia huniuliza kama nimejaribu maombi. Nimejaribu. Sisi ni watu wa kanisa, tumetoka Njombe, na kama ni maombi basi hata mabati ya nyumba hii yanayajua kwa moyo.

Tunakaa Kimara, ule upande unaopanda kuelekea Goba. Mume wangu ni karani mjini, hutoka kabla hakujakucha vizuri na kurudi jioni amechoka hana hamu ya kuongea. Mimi nafundisha zamu ya asubuhi. Nikiwa shuleni binti anabaki na wifi yangu, dada wa mume wangu, aliyekuja kututembelea kwa wiki mbili baada ya kufiwa na mumewe na sasa ni mwaka wa sita. Bila yeye ningeshaacha kazi, au ningeshaacha akili.

Binti yangu ana lugha yake, na ni fupi. Akifurahi anafungua mdomo na kutoa sauti ya chini ya koo. Akichoka kelele anageuzia uso ukutani. Akiumia halii, kwa sababu kulia kunataka pumzi ambayo hana. Akiumia, kidole gumba cha mkono wa kushoto kinaingia ndani ya ngumi, na vidole vingine vinakifunika. Hilo nimelijua tangu ana miaka mitatu. Sikufundishwa na daktari yeyote, nimelisoma mwenyewe kwa kumtazama.

Kila Jumanne na Ijumaa mchana alikuwa anakuja nesi kutoka kituo kimoja cha huduma kilichopo Manzese. Ni mama mtu mzima, ananizidi kwa miaka mingi; mimi humwamkia shikamoo na yeye huniita mwanangu. Alikuwa akimlaza binti kwa ubavu, anakunja viganja vyake kama mtu anayetaka kuchota maji, na kumgongagonga mgongoni mpaka makohozi yalegee. Anamkagua ngozi ya nyonga na visigino. Alitufundisha namna ya kumkalisha wakati wa kula, kidevu kiinamie kifuani, uji usiingie njia ya hewa. Kabla hajaanza kuja, mwaka mmoja tulilazwa mara tatu kwa nimonia, na mara ya tatu daktari alituambia tuwaite ndugu. Ndugu walikuja, wengine na mikeka. Tangu nesi aanze kuja, miaka miwili, hatujalazwa hata mara moja. Kwa hiyo mtu akiniuliza nesi yule alikuwa nani kwetu, jibu ni rahisi: alikuwa kifua cha mwanangu.

Kisha kituo kikaelemewa. Watoto waliongezeka na manesi walikuwa wawili tu. Wakaamua kila mtoto apimwe uzito wa hali yake, halafu ndiyo waamue nani afuatwe nyumbani na nani apelekwe kituoni. Nilipopata ujumbe kwenye simu niliusoma mara mbili, nikaogopa. Kumpeleka Manzese nilishawahi kujaribu. Tulishuka mlima kwa bajaji, kichwa chake begani kwangu, kila shimo la barabara likipita kwenye uti wake wa mgongo na kuja kwenye wangu. Jirani na kituo kuna mafundi wa mageti, na kila nyundo iliyogonga chuma ilimwingiza kwenye degedege. Tulirudi jioni, nguo zetu wote wawili zimelowa mkojo na jasho, na hakula mpaka kesho yake. Sikurudia tena.

Sasa hapa ndipo ninapojishangaa. Mtu mwenye akili timamu, anayejua hayo yote, angejiandaa kuwaeleza. Mimi nilijiandaa kwa mtihani. Kwetu shuleni anayefanya vizuri ndiye anayeendelezwa, na nikaona ndivyo ilivyo: wakikuta mtoto ametunzwa, wataona huduma yao haipotei bure, wataendelea kumleta nesi. Halafu kulikuwa na jambo jingine, dogo, la aibu kidogo. Mgeni alikuwa anakuja. Kwetu mgeni haoneshwi chumba cha nyuma.

Wiki nzima nilimgeuza kila saa, hata wekundu wa kwenye nyonga ukapotea. Ijumaa wifi alimsuka twende kilioni, mistari myembamba iliyobana vizuri, maana nywele zake zikiachwa zinajisokota kwenye mto. Jumamosi nilimwogesha, nikampaka mafuta, nikamvisha gauni la Pasaka lenye kola nyeupe. Dawa ya degedege nilimpa mapema ili mgeni amkute ameshatulia. Uji nilimlisha kabla ya saa tatu, kwa sababu kula kwake si kitu cha kuoneshwa watu. Nilipomaliza nilirudi nyuma hatua mbili nikamtazama, kama unavyotazama daftari lililojalidiwa vizuri. Mkono wa kushoto ulikuwa umekunja ngumi. Niliukunjua taratibu, nikaweka leso nyeupe kiganjani, nikavifunga vidole juu yake. Ikapendeza.

Aliyetumwa na kituo alikuwa dada wa miaka ishirini na kitu, mpole, amevaa raba zilizojaa vumbi la mlima wetu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu, karibu sana. Umepata shida ya njia?"

Tulimpa juisi ya ukwaju na chapati. Alikula moja kwa adabu, akatoa ubao wake. Karatasi ilikuwa na mistari kumi na miwili: kupumua, kumeza, degedege, ngozi, usingizi, choo, mifupa, maumivu na mengine. Kila mstari una alama kuanzia sifuri mpaka nne.

"Anakulaje, mama?"

"Anakula vizuri, tunashukuru Mungu."

Kikombe kimoja cha uji huchukua saa nzima na robo. Hilo sikulisema. Hakuuliza anachukua muda gani, aliuliza anakulaje.

"Usingizi?"

"Analala."

Wifi alinitazama. Nikajifanya namuwekea mgeni juisi.

"Degedege bado zipo?"

"Siku hizi afadhali."

Afadhali maana yake zilikuwa saba kwa siku na sasa zimekuwa tano.

"Vidonda vya kulalia?"

"Hana." Hilo nililisema kwa sauti, kwa sababu lilikuwa kweli na nililitolea jasho. Dada akainua gauni, akaangalia nyonga, akatikisa kichwa kwa kusifu. Binti alisikia sauti mpya, akafungua mdomo, akatoa ile sauti yake ya chini. Mgeni alicheka akasema jamani, anajua kukaribisha wageni huyu.

"Maumivu je? Anaonekana kuumia mara kwa mara?"

"Hapana," nikasema. "Hana shida."

Alipomaliza kujumlisha sikuweza kujizuia. Mwalimu hawezi kukaa na karatasi iliyosahihishwa asiulize.

"Amepata ngapi?"

"Kumi na moja, mama."

"Kati ya ngapi?"

"Arobaini na nane."

Moyo ulinishuka. Kumi na moja kati ya arobaini na nane kwetu ni mtoto wa kuitiwa mzazi. Dada akaona uso wangu, akacheka. "Hapana mama, hii inaendaga kinyume. Alama chache ndiyo uzima. Hongera sana, mnamtunza." Nikamsindikiza mpaka kona ya duka nikiwa nimejaa sifa. Niseme ukweli, jioni ile nilimweleza mume wangu kwa majivuno, na yeye akasema neno moja tu, "Safi," akaendelea kula.

Wiki mbili baadaye ujumbe ulikuja. Hali ya mtoto ni ya wastani, huduma ya nyumbani itasitishwa, tunakaribishwa kumleta kituoni kila Jumatano. Waliandika "kukaribishwa" kabisa, kama harusi.

Nesi alikuja Ijumaa ile kuaga. Hakukaa. Alisimama mlangoni na mkoba wake begani, na nikajua amekasirika, maana hakuniita mwanangu.

"Mwalimu, nimeisoma ile karatasi. Nikadhani wamechanganya majina."

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Degedege moja? Kumeza moja? Mimi si ndiyo nakujaga hapa? Mtoto ninayemjua mimi ni yupi?"

Nilianza kusema habari ya gauni, ya uji, ya kwamba nilitaka waone huduma yao haikupotea. Aliniacha nimalize, hilo nalo lilikuwa baya zaidi.

"Sikiliza," akasema. "Umeulizwa ugonjwa, ukajibu kama unaitikia salamu. Hajambo, anakula, analala, tunashukuru. Karatasi ile haikumpima mtoto. Ilipima kazi yako. Kazi yako ni nzuri, kila mtu anajua. Ila kazi yako ndiyo imemfukuzisha nesi."

Wifi alikuwa nyuma yangu na beseni la nguo. "Mie nilimtazama siku ile mpaka macho yakaniuma," akasema. "Akajifanya anamimina juisi."

Nesi alitueleza kwamba inawezekana kuomba kupimwa tena, mara moja tu, na atatusemea. Akaagiza mambo mawili. La kwanza, niandike kila kitu kwa siku saba. La pili, siku hiyo nisimwandae. "Mwache alivyo," akasema. Akaingia ndani akamgongagonga mgongo kwa mara ya mwisho, muda mrefu kuliko kawaida, halafu akaondoka.

Niliandika. Nilichukua daftari kubwa la shule, nikachora mistari kama ya kuita majina, wifi akaandika asubuhi na mimi mchana na jioni. Sikuwahi kudhani ni kazi ngumu kuandika kitu unachokiishi. Alianza kula saa moja na dakika kumi, akamaliza saa mbili na nusu, amepaliwa mara nne. Degedege, dakika mbili. Amegeuzwa. Amenyonywa makohozi kwa kipira. Amegeuzwa. Degedege, chini ya dakika. Pampasi. Amegeuzwa. Siku ya saba nilikaa kwenye ngazi ya jikoni nikaisoma yote tangu mwanzo, na nikachoka. Miaka kumi na minne nilikuwa naifanya na nilikuwa nimechoka, lakini uchovu wenyewe sikuwa nimewahi kuusoma. Nilimpa wifi daftari. Alipekua kurasa tatu akarudisha. "Kumbe sie hatulali," akasema, akaenda kuanua nguo.

Hilo la "mwache alivyo" ndilo lililotugombanisha. Alivyo ni vipi? Bila dawa yuko hivyo. Bila kugeuzwa yuko hivyo, kwa siku mbili, halafu nyonga inafunguka. Wifi alisema wazi kwamba tusimgeuze tangu Alhamisi.

"Wakute wekundu. Tukimgeuza watasema tena ngozi nzuri, sifuri."

"Nimuumize mwanangu ili niaminike?"

"Mie sijasema umuumize. Nimesema umwache."

"Ni kitu kilekile, wifi."

Akasema kitu ambacho hakukisema kwa ubaya. "Basi endelea kumpendezesha mpaka tumzike amependeza." Siku mbili hatukuzungumza zaidi ya nipe chumvi. Mwishowe tulikubaliana hivi: dawa atapewa kwa wakati wake, atageuzwa kama kawaida, ila hataogeshwa, hatavishwa gauni, na asubuhi hatakula mpaka mgeni afike. Wamwone akila. Nilijiambia kuchelewesha uji kwa saa mbili si dhambi. Nywele wifi alikuwa ameshazifumua siku nyingi, zimejisokota zilivyopenda.

Alikuja dada yuleyule. Safari hii hapakuwa na juisi. Nilimpa daftari, akalisoma amesimama, halafu akaomba kiti. Nikamchukua binti nikamkalisha mapajani, kidevu kifuani kama tulivyofundishwa, nikaanza kijiko cha kwanza. Alikuwa na njaa. Mtoto mwenye njaa hamezi kwa mpango, anavuta. Kijiko cha tatu kikaenda kombo.

Kikohozi kilianza kidogo, kama chafya. Na mimi nikafurahi. Nataka niliandike hivyo hivyo lilivyokuwa, kwa sababu hakuna aliyeliona ila mimi. Mwanangu alianza kupaliwa na ndani yangu kitu kikasema, haya, kohoa, aone. Nilisubiri. Labda sekunde tatu, labda tano. Nimezihesabu mara nyingi tangu siku ile na hazijawahi kuwa idadi moja. Halafu nikaona midomo yake inabadilika rangi, nikamgeuza kifudifudi juu ya mkono wangu, nikampiga mgongoni, wifi akaleta kipira, tukanyonya, tukapiga, tukanyonya. Dada wa fomu alikuwa amesimama, ubao umeanguka chini, anasema mama, mama, kama mtoto wa darasa la kwanza. Pumzi ilirudi kwa sauti ya mlango mkavu. Nilimfuta uji puani. Nikamwambia dada aokote karatasi yake.

Aliandika. Nne, nne, tatu, nne. Safari hii sikuchungulia, niliona tu mkono wake unavyokwenda. Alipofika mstari wa maumivu aliinua uso.

"Siku ile ulisema hana, mama. Mnajuaje akiwa anaumia?"

Nikamweleza habari ya kidole gumba, kwamba kikiingia ndani ya ngumi ndiyo maumivu, kwamba tangu ana miaka mitatu hakijawahi kunidanganya.

"Na sasa hivi?"

Tuliangalia wote watatu. Mkono wa kushoto ulikuwa unaning'inia pembeni ya goti langu. Kidole hakikuonekana.

"Anaumia," nikasema.

Akaandika. Nikauangalia ule mkono, na nikakumbuka leso nyeupe. Nikaukumbuka ulivyokuwa umejifunga Jumamosi ile, na kichwa chake kilivyovutwa na misuko mipya iliyombana tangu Ijumaa, na mimi nilivyokunjua vidole kimoja kimoja kwa upole wote, nikapata kile cha mwisho kimejificha, nikakitoa nje, nikaweka leso ili kisirudi. Nilijua maana yake. Nilikuwa nimejua kwa miaka kumi na moja. Kitu pekee anachoweza kukisema akiumia, nilikifunga mdomo kwa mikono yangu kwa sababu mgeni alikuwa njiani.

"Na siku ile pia," nikamwambia dada.

"Nini, mama?"

"Siku ile pia alikuwa anaumia. Andika."

Aligeuza karatasi akatafuta nafasi. "Ile ya kwanza ilishafungwa, mama," akasema taratibu. "Hii ndiyo inayohesabika."

Walimpa thelathini na nane. Nesi alirudi Jumanne iliyofuata, akaniita mwanangu, akaweka mkoba wake kwenye msumari uleule. Kifua tulikikuta kizito, kile kijiko cha tatu hakikutoka chote, na zilipita wiki mbili za dawa kabla hakijawa safi. Hatukulazwa. Wifi na mimi tunaongea kama zamani, isipokuwa habari ya asubuhi ile hatujawahi kuigusa, na mume wangu hajui zile sekunde.

Siku hizi nikirudi kutoka shuleni siulizi hajambo. Naweka mkoba, nauchukua mkono wa kushoto, naangalia kidole kiko wapi. Kikiwa nje nakwenda kunawa. Kikiwa ndani sikikunjui. Nakaa naye pale pale nikiwa bado na vumbi la chaki, natafuta panapouma.